Ukuta wa nyumba ya mwaloni umelowa: usikimbilie saruji

Swali. Mimi ni fundi ujenzi, kazi nilijifunzia Tanga, na sasa naishi na familia yangu Herefordshire, magharibi mwa Uingereza. Tumeipenda nyumba ndogo ya zamani yenye kiunzi cha mbao nyeusi na kuta nyeupe. Muuzaji anasema ni ya miaka ya 1600. Ukuta wa kaskazini umelowa sehemu ya chini, rangi inabambuka, na nikiichoma boriti ya chini kwa bisibisi inazama bila kutumia nguvu. Fundi mmoja wa huku anashauri tung'oe udongo wote wa ukutani, tujaze tofali za saruji na kupiga lipu ya saruji nje, mambo yaishe. Tumsikilize? Na nyumba hizi zilijengwaje hata zikadumu miaka 400, ilhali za kwetu za miti na udongo tunazirudia kila baada ya masika machache?

Jibu. Usimsikilize, ndugu yangu. Saruji haitauponya ukuta huo. Kuna uwezekano mkubwa kwamba saruji ndiyo iliyouuguza. Ila ili uone sababu mwenyewe, na asije mwingine kesho akakuuzia dawa nyingine ya uongo, inabidi tuipitie nyumba kuanzia chini. Kwa kuwa umetoka pwani na umewahi kukandika ukuta, nusu ya somo unalo tayari.

Nyumba hiyo ni kiunzi kwanza, ukuta baadaye. Uzito wote wa paa na ghorofa unabebwa na mbao. Udongo uliojazwa katikati hubeba uzito wake wenyewe tu. Chini kabisa kuna kitako cha mawe au matofali. Juu yake imelazwa boriti ya chini, ndiyo hiyo iliyomeza bisibisi yako. Hapo zimesimama nguzo kuu, kwa kawaida za milimita 200 hadi 250 kila upande, na kati yake kuna nguzo ndogo na mbao za kulala zinazougawa ukuta vyumba vya mraba. Huko kwenu ndio mtindo uliozoeleka; ukitembelea Weobley au Pembridge utauona nyumba baada ya nyumba. Upande wa mashariki, Suffolk kwa mfano, wenye uwezo walipenda kusonga nguzo ndogo karibu karibu, nafasi ikawa kama upana wa nguzo yenyewe, maana kutumia mbao nyingi ilikuwa njia ya kuonyesha mali. Kwenye pembe kuna mbao za mshazari, nyingi zimepinda kama mti ulivyoota. Hizo ndizo zinazokizuia kiunzi kisilale upande upepo ukikisukuma.

Juu ya nguzo inalala boriti ya ukutani, ile ambayo pwani huitwa mtambaapanya. Kutoka mtambaapanya wa upande mmoja hadi wa upande wa pili inavuka boriti nene, na hapa nitaiita boriti ya kukingama. Makombamoyo, zile mbao za mteremko za paa, yanazisukuma kuta ziende nje. Boriti ya kukingama inazivuta zisiachane. Ishike akilini, tutairudia.

Siku ukirudi kuiangalia nyumba, panda ghorofani na tochi, uimulike pale nguzo kuu inapokutana na boriti hizo mbili. Utaona kichwa cha nguzo kimenenepa kwa ndani. Unene huo haukubandikwa. Seremala aliusimamisha mti kichwa chini: sehemu ya shina iliyotanuka karibu na mizizi ndiyo aliyoiweka juu, apate mbao ya kutosha kuchonga ndimi mbili, yaani ncha nyembamba za kuingia kwenye matundu ya mbao nyingine. Ulimi wa nje unaingia kwenye mtambaapanya. Ulimi wa ndani ni mrefu zaidi. Unapita nyuma ya mtambaapanya na kuingia kwenye boriti ya kukingama. Na boriti ya kukingama, pale inapoulalia mtambaapanya, imechongwa kwa chini umbo lenye kiuno, jembamba kwa ndani na pana kwa nje, likakaa kwenye tundu la umbo hilohilo. Mtambaapanya ukitaka kwenda nje, kiuno kinaubana. Boriti ikitaka kuteleza, ulimi wa nguzo unaishika. Ni mbao tatu zinazozuiana bila msumari hata mmoja, na kiungo hicho kilitumika Uingereza kwa karne nyingi. Kwa seremala yeyote hiyo ni kazi ya kuivulia kofia.

Mwaloni uliotumika ulikuwa mbichi, umekatwa karibuni, maana mwaloni mkavu ni mgumu kupita kiasi kwa patasi na tezo. Kiunzi chote kilichongwa na kujaribishwa kikiwa kimelazwa chini, kisha kikafumuliwa na kupelekwa kiwanjani. Kila kiungo kililinganishwa na mwenzake peke yake, kwa hiyo ulimi wa nguzo hii hauingii vizuri kwenye tundu la nguzo ile. Ndiyo sababu utakuta alama za namba za Kirumi zimekwaruzwa kwenye mbao, nne ikiandikwa mistari minne. Ukiziona, usizipige msasa. Zinakuambia mbao ipi ilikaa wapi, na mpangilio ukikatika ghafla ujue mbao fulani ililetwa baadaye.

Vigingi navyo vina hila yake. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa kwa keekee likiwa limesogea milimita 2 au 3 kuelekea bega la kiungo, lisilingane na tundu la mbao ya pili. Kigingi cha mwaloni mkavu, kilichopasuliwa kufuata nyuzi, kikigongwa kinapinda kidogo na kuuvuta ulimi ndani. Halafu mwaloni mbichi ukanywea kwa miaka, na kiungo kikazidi kubana. Mbao ikishanywea hivyo, boriti zikapinda na nguzo zikainama, watu huona nyumba mbovu. Mara nyingi kupinda huko kulitokea miaka ya mwanzo mbao ilipokuwa ikikauka, na tangu hapo nyumba haijasogea.

Magharibi ya Uingereza kuna pia aina nyingine ya kiunzi ambayo huenda ukaikuta kwenu: jozi za mbao kubwa zilizopinda, zinazoanzia chini ya ukuta na kukutana juu kileleni. Mara nyingi ni shina moja lililopasuliwa katikati ili pande mbili zifanane. Ghala la Leigh Court, jirani zenu wa Worcestershire, lilijengwa hivyo miaka ya 1300 na ndilo jengo kubwa zaidi la aina hiyo Uingereza. Ukikuta mbao mbili kama hizo ukutani, nyumba yako inaweza kuwa ya zamani kuliko muuzaji anavyosema. Vivyo hivyo ukikuta masizi meusi kwenye makombamoyo ya juu kabisa: nyumba nyingi za kabla ya karne ya 16 hazikuwa na dohani, moto uliwashwa katikati ya chumba kikubwa na moshi ukajitafutia njia kwenye paa. Masizi hayo ni ushahidi. Yaache yalivyo.

Sasa swali lako la pili, kwa nini zimedumu. Jibu la kwanza ni la kweli ingawa halipendezi: nyingi hazikudumu. Zilizosimama leo ni zile zilizojengwa vizuri zaidi, na wenye uwezo zaidi. Vibanda vya wakulima maskini wa karne ya 13 viliisha vyote isipokuwa vichache mno, kama zinavyoisha nyumba za fito kwetu. Tena Waingereza wa kale nao walichimbia nguzo ardhini kama tunavyofanya, na nguzo zao zikaoza pale usawa wa ardhi, ambapo hewa na maji hukutana. Mabadiliko makubwa yalikuja karibu na miaka ya 1200, mafundi walipoanza kuziinua nguzo kutoka ardhini na kuziweka juu ya mawe au juu ya boriti iliyolazwa kwenye kitako cha mawe. Kitako hicho cha sentimita 30 au 50 ndicho kilichoongeza uhai wa nyumba kutoka miongo hadi karne. Ongeza na kiini cha mwaloni, ambacho kimejaa tanini, kemikali ya asili ya mti, na hakiozi upesi, na ukweli kwamba huko hakuna mchwa kama wa kwetu. Ukitaka kuboresha nyumba ya miti na udongo Tanga, anza na hapo: iinue miguu, irefushe paa. Mengine yafuate.

Ukuta wenyewe utautambua mara moja. Kati ya mbao ya juu na ya chini ya kila chumba cha mraba husimamishwa vijiti vya mwaloni vilivyopasuliwa. Ncha ya juu inaingia kwenye tundu lililotobolewa, ya chini inatelezeshwa kwenye mfereji uliochongwa, kisha fito za mti wa hezeli zinasukwa mbele na nyuma kama jamvi. Udongo mfinyanzi wenye mchanga, mabua yaliyokatwa na samadi ya ng'ombe, unakandikwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, watu wawili wakitazamana, ili madonge yakutane katikati ya fito na kushikana. Juu yake lipu nyembamba ya chokaa yenye nywele za mnyama, halafu chokaa ya kupaka. Hicho ndicho kilichomo ndani ya ukuta wako, kama hakijatolewa.

Maji yanaingiaje? Mwaloni unaponywea, unanywea kwa upana; kwa urefu karibu haupungui. Boriti iliyokuwa milimita 200 ikiwa mbichi inaweza kupoteza milimita 10 au zaidi. Kwa hiyo kati ya mbao na udongo daima kuna ufa mwembamba, na mvua ya upepo inaingia hapo. Inaingia leo, iliingia miaka ya 1600. Wajenzi walijua. Udongo na chokaa vinayanywa maji hayo, vinayasambaza, na jua au upepo ukija vinayatoa nje. Ukuta unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, na mbao haikai na maji kwa muda wa kutosha kuoza. Kuvu wanaoozesha mbao hawastawi mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20.

Weka saruji hapo. Saruji ni ngumu na haichezi. Mwaloni unatanuka na kusinyaa kila msimu. Ufa unarudi palepale, mwembamba kuliko hata unene wa karatasi, na ufa mwembamba unavuta maji kwa nguvu zaidi kuliko mpana. Safari hii maji yakishaingia hayana pa kutokea. Yanashuka nyuma ya lipu mpaka juu ya boriti ya chini, yanatuama. Fundi mwingine anakuja kuziba ufa kwa silikoni, na silikoni inageuka bakuli. Rangi ya plastiki nje na ndani inamaliza kazi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zimeumizwa kwa namna hiyohiyo: saruji juu ya chokaa, chumvi na unyevu vikafungiwa ndani.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, tafuta maji yanatoka wapi. Anza nje. Angalia urefu wa ardhi: kwenye nyumba nyingi za namna hii, miaka 400 ya bustani, vifusi na njia za lami imeipandisha ardhi mpaka imeificha nusu ya kitako au boriti yenyewe. Ardhi iwe chini ya boriti kwa milimita 150 hadi 200 angalau. Ukichimba, chimba kidogo kidogo na usishuke chini ya mawe ya msingi, maana misingi hii huwa mifupi mno na unaweza kuiangusha nyumba kwa koleo. Tazama kama sehemu ya juu ya kitako imejitokeza nje kuliko boriti. Ukingo huo hukusanya maji na kuyaingiza chini ya mbao, kwa hiyo unahitaji kuinamishwa kwa chokaa ili uyamwage nje. Angalia mfereji wa paa wakati mvua inanyesha, siyo siku ya jua. Kisha gonga lipu: ikilia ngumu kama jiwe na ina rangi ya kijivu ndani ya ufa, ni saruji.

Chombo cha kupima unyevu kinadanganya kwenye lipu yenye chumvi, kwa sababu kimetengenezwa kupima mbao. Kitumie kwenye mwaloni tu. Na akija mtu wa kukuuzia sindano za dawa za kuzuia unyevu unaopanda ukutani, mshukuru kwa kufika. Hazina kazi kwenye kiunzi cha mbao.

Kuhusu boriti iliyozama bisibisi, usikate tamaa wala usiihukumu yote. Tabaka jeupe la nje la mwaloni, milimita 20 au 30 hivi, huoza na kuliwa na wadudu mapema. Kiini kinaweza kuwa kizima kabisa. Choma kila baada ya sentimita 20, tena kwa pembe tofauti, kisha toboa kwa keekee jembamba mahali pachache uangalie kinachotoka. Unga mkavu wa rangi ya asali una harufu kali ya tanini: mbao nzima. Unga wa kahawia, laini, wenye harufu ya uyoga: imeoza. Chora ramani ya ukuta uandike kina cha uozo kila mahali. Ramani hiyo ndiyo itakayokuambia unabadilisha mita 1 au mita 4, na tofauti ya gharama ni kubwa.

Ukiwa nayo mkononi, simama kwanza. Uingereza, karibu majengo yote ya kabla ya 1700 yaliyobaki na sura yake ya awali yamo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na orodha hiyo inapatikana kwa yeyote mtandaoni kupitia Historic England, taasisi ya umma ya majengo ya kihistoria. Nyumba ikiwa humo, ndani na nje, kazi yoyote inayobadilisha sura au mbao zake inahitaji kibali cha halmashauri. Kufanya bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1990, na mahakama inaweza kutoa faini au kifungo cha hadi miaka 2. Jambo linalowaumiza wanunuzi zaidi ni hili: aliyefanya kazi haramu ndiye anayeshtakiwa, lakini amri ya kurekebisha inamfuata mwenye nyumba wa sasa. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mwambie wakili wako aulize vibali vya kila kilichobadilishwa, hasa madirisha na hiyo lipu ya saruji. Mpigie simu afisa uhifadhi wa halmashauri mapema. Wengi wao wanafurahi kukutana na mtu anayetaka kuondoa saruji.

Na tafuta mkaguzi anayejua majengo ya kale, siyo wa kawaida. Shirika la SPAB, la kulinda majengo ya kale, lililoanzishwa na William Morris mwaka 1877, linatoa ushauri kuhusu majengo ya namna hii, na msimamo wake ni wa kale kama lenyewe: karabati kidogo kadiri inavyowezekana, hifadhi mbao ya asili kadiri inavyowezekana. Makumbusho ya Weald and Downland kule Singleton, Sussex, yana nyumba nzima zilizohamishwa zisibomolewe, miongoni mwake nyumba ya Bayleaf ya karne ya 15 kutoka Kent. Kwa fundi kama wewe, siku moja ukiwa umesimama ndani ya kiunzi hicho itakufunza kuliko picha mia.

Kazi yenyewe sasa. Toa saruji kwa nyundo na patasi ya mkono, kuanzia katikati ya kila chumba cha mraba kuelekea kwenye mbao, usianzie kwenye mbao. Mashine ya kugongea inatikisa udongo mpaka unaachana na fito. Ikiwa saruji imeng'ang'ania mahali pamoja na inararua mwaloni, iache hapo kwa muda. Ikishaanza kukauka nyuma huachia yenyewe.

Kuibadilisha boriti ya chini, uzito lazima ushikwe kwanza. Propu za chuma zisimame kwenye mbao pana chini, zikishika boriti ya sakafu ya juu au nguzo kupitia mbao iliyofungwa kando. Kaza mpaka uzito uhame, milimita 1 au 2, basi. Kosa kubwa la mafundi wenye nguvu ni kutaka kuinyoosha nyumba. Kiunzi kilichoinama karne tatu kimeshazoea. Ukikinyoosha unavunja ndimi ambazo hazionekani, na nyufa zinatokea upande wa pili wa nyumba wiki inayofuata.

Badilisha kipande kwa kipande, mita 1 hivi kwa wakati. Mwaloni mpya uwe uliokaushwa kwa hewa kama unapatikana, usinywee sana ukishakaa, na nyuzi zake zielekee kama za mbao ya zamani. Hapa kuna fumbo ambalo fundi wa kawaida hulikosea: nguzo zote ziko mahali pake, ndimi zao zinaning'inia, na boriti mpya haiwezi kuinuliwa mpaka ziingie matunduni kwa sababu kitako kilicho chini hakiachi nafasi ya kuipitisha chini ya ndimi hizo. Njia mbili zinatumika. Unaweza kufungua tundu la boriti mpya kutoka upande wa ndani, ukaitelezesha chini ya nguzo, kisha ukaziba upande uliofunguliwa kwa kipande cha mwaloni na kigingi. Au, ulimi ukiwa umeoza hata hivyo, unachonga mfereji kwenye mguu wa nguzo na kuweka ulimi mpya wa kipande peke yake, wenye vigingi juu na chini.

Mguu wa nguzo ukiwa umeoza sentimita 30 za chini, kata mpaka mbao nzima, uunge kipande kipya kwa kiungo cha mshazari chenye urefu wa karibu mara 3 ya unene wa nguzo, ncha zake zikikatwa mraba pande zote mbili ili kiungo kisiteleze. Uso wa nje wa kiungo uinamishwe ili maji yamwagike nje, siyo yaingie. Ukihitaji chuma, kiwe chuma kisichoshika kutu. Tanini ya mwaloni inakula chuma cha kawaida na kuacha michirizi ya bluu-nyeusi isiyotoka. Boriti mpya ilalie kwenye chokaa na mchanga. Usiweke plastiki chini yake, maana plastiki itageuka sinia la maji.

Udongo wa zamani usiutupe. Uvunje, uondoe vipande vya saruji, uloweke usiku kucha, ukanyage kwa miguu ukiongeza mabua mapya ya urefu wa sentimita 5 hadi 10. Uko tayari ukishika donge, ukalirusha ukutani, likabaki. Mwagia fito maji kwanza. Ukikauka utapasuka na kuachana na mbao pembeni. Hilo ni la kawaida. Lowesha, kandika tena mpaka pembezoni pamebana. Subiri wiki kadhaa ukauke sawasawa ndipo upige lipu ya chokaa, sehemu 1 ya rojo ya chokaa kwa 3 za mchanga mkali, pamoja na nywele za mbuzi zilizochambuliwa zisifanye mafundo. Uso wa lipu uishie sawa na uso wa mbao au ndani yake kidogo. Ukitokeza nje, kila ukingo unakuwa rafu ya mvua.

Chokaa haipendi baridi. Usipige lipu halijoto ikiwa chini ya nyuzi 5, wala usiku ambao unaweza kuganda, kwa hiyo kazi ya nje iishe kabla ya Oktoba. Jua kali likija, tundika magunia mabichi mbele ya ukuta. Chokaa ya kupaka izimuliwe iwe kama maziwa, siyo kama mtindi. Paka mikono 4 au 5 myembamba, ukilowesha ukuta kabla ya kila mkono, na upe saa 24 katikati. Mkono wa kwanza hauonekani kabisa ukiwa mbichi na wengi huongeza unene hapo, kisha wanaiona ikipukutika. Vaa miwani: tone la chokaa jichoni linaunguza.

Mbao nyeusi? Weusi huo kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Kabla yake mwaloni uliachwa ukageuka rangi ya fedha, au ulipakwa chokaa pamoja na ukuta. Usiuondoe kwa mchanga wa kupuliza. Unakula uso wa mbao pamoja na alama za tezo na zile namba za Kirumi. Ukiwa mkavu na unapumua, uache.

Nirudi kwenye boriti ya kukingama. Kosa linaloziua nyumba hizi taratibu kuliko maji ni mtu kuikata boriti hiyo apate mlango ghorofani. Kuta zinaanza kuachana, mtambaapanya unapinduka, paa linalegea kileleni. Simama kwenye kila mlango wa juu na ujiulize boriti ilipita wapi. Angalia pia kama dirisha limekata mbao ya mshazari. Ukikuta moja ya haya, kabla ya fundi wa chokaa unahitaji mhandisi wa majengo.

Wadudu usiwaogope kupita kiasi. Vitundu vya milimita 1 au 2 kwenye tabaka jeupe ni bungua wa kawaida, mara nyingi wamekwisha. Vya milimita 3 kwenye mwaloni mzito ni mende wa mbao anayegonga kichwa chake kwenye mbao majira ya kuchipua. Usiku mtulivu wa Aprili au Mei unamsikia. Anahitaji mbao yenye unyevu iliyoguswa na kuvu, na buu lake laweza kukaa ndani miaka mingi. Dawa ya kupulizia haimfikii, ila inawaua buibui wanaomla. Kausha boriti na utakuwa umemnyima chakula.

Baada ya kazi, acha msimu mmoja wa baridi upite kabla ya kupaka ndani. Aprili inayofuata, pitia kila chumba cha mraba cha ukuta kwa tochi usiku, taa ya ndani ikiwa imewaka na wewe ukiwa nje. Penye mwanga unaopenya pembeni ya udongo, bana tena kwa udongo na nywele, upake chokaa juu.